Otomata ya kikwantamu ya vitalu na jamaa zake tatu: kuchagua modeli ya kazi ya kuhitimu

Mwanafunzi wa fizikia, hisabati au informatiki wa hapa Lubumbashi anapomwambia mkurugenzi wa kazi yake kwamba anataka kuandika juu ya otomata za seli za kikwantamu, kwa kweli bado hajachagua kitu. Chini ya jina hilo kuna modeli kadhaa zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa tabia, na anayeingia bila kuzitenganisha anaweza kumaliza muhula mzima akiandika programu ya modeli moja ilhali swali lake lilihitaji nyingine. Hapa nitaziweka nne bega kwa bega, nizipime kwa vigezo vilevile, kisha niseme kila moja inamfaa nani.

Msingi wao ni mmoja. Kuna safu ya seli. Kila seli ina hali, mathalani 0 au 1. Sheria ni moja mahali pote. Na seli haiathiriwi na seli ya mbali ila kwa kupitia majirani. Wazo hilo lilianza kwa Stanislaw Ulam na John von Neumann katika miaka ya 1940, na mchezo wa John Conway uitwao Game of Life ukalifikisha kwa watu wengi mwaka 1970. Mwaka 1982 Richard Feynman alichapisha makala akiuliza kompyuta ingekuwaje ili iweze kuiga maumbile yanayofuata kanuni za kwantamu, na mwaka 1988 Gerhard Grössing na Anton Zeilinger wakachapisha makala iliyobeba jina la otomata za seli za kikwantamu.

Chaguo la kwanza ni otomata ya kawaida inayorejeleka, yaani ile ambayo ukiijua hali ya sasa unaweza kuipata bila shaka hali iliyotangulia. La pili ni matembezi ya kikwantamu, ambamo chembe moja inasogea juu ya safu kama wimbi. La tatu ni otomata ya kikwantamu ya vitalu, ambamo seli zote zina hali za kikwantamu na hubadilishwa mbili mbili. La nne ni mwendo wa Hamiltoniani, yaani unaoongozwa na fomula ya jumla ya nishati ya mfumo, ambamo wakati haukatwi hatua bali unatiririka. Nimeziacha nje otomata za doti kwantamu, ambazo Craig Lent na wenzake wa Chuo Kikuu cha Notre Dame walizipendekeza mwaka 1993: hizo ni njia ya kubeba biti za kawaida kwa elektroni mbili zinazokaa kwenye pembe mkabala za kisanduku. Ni kazi ya heshima, lakini ni ya elektroniki, na kwa kuwa kifupisho chake cha Kiingereza, QCA, ni kilekile cha otomata za seli za kikwantamu, anayetafuta makala awe macho.

Vigezo ni vinne: namna hatua ya wakati inavyopigwa, umbali ambao habari inaweza kufika, kitu kinachokua kadiri wakati unavyosonga, na uzito ambao kompyuta inalazimika kuubeba. Kigezo cha kwanza nitakikalia zaidi, kwa sababu ndicho kinachozaa vile vingine vitatu.

Hatua ya wakati

Katika otomata ya kawaida, kila seli inasoma hali za jirani zake na zote zinabadilika kwa pamoja. Ugumu ni kwamba sheria nyingi za namna hiyo zinasahau: hali mbili tofauti zinaishia kwenye hali moja, na hapo njia ya kurudi inapotea. Kati ya sheria 256 za msingi, ambamo seli inajitazama yenyewe na jirani mmoja kila upande, ni sita tu zinazorejeleka kwenye safu isiyo na mwisho, nazo hazifanyi zaidi ya kusogeza au kugeuza. Edward Fredkin alitoa njia nyepesi ya kuongeza idadi hiyo: matokeo ya sheria yoyote juu ya hali ya sasa yajumlishwe, kwa hesabu ya 0 na 1, na hali ya hatua iliyotangulia. Sheria iwe ya aina gani, hali ya zamani inapatikana tena kwa kujumlisha hivyohivyo.

Tukiingia kwenye kwantamu, seli inaweza kuwa katika mpandano wa 0 na 1, kila kimoja kikiwa na ampilitudi yake, ambayo ni namba changamano, na ukubwa wake ukizidishwa kwa wenyewe unatoa uwezekano wa kuiona hali hiyo. Sheria lazima iwe yunitari: jumla ya uwezekano ibaki 1, na kila hatua iweze kufutwa kwa hatua ya kinyume. Ni hapa ambapo njia iliyozoeleka ya kubadilisha seli zote kwa pamoja inakwama. Ili seli tatu zisome hali ileile ya zamani, hali hiyo inapaswa kunakiliwa, na mwaka 1982 William Wootters na Wojciech Zurek, na Dennis Dieks kwa upande wake, walionyesha kwamba hali ya kikwantamu isiyojulikana haiwezi kunakiliwa. Sheria ya Grössing na Zeilinger iliteswa na jambo hilo. Haikuwa yunitari kamili, hivyo ilihitaji kusawazishwa upya. Mwaka 1996 David Meyer alithibitisha kwamba kwenye safu moja, ikiwa kila seli inabeba ampilitudi moja tu, sheria yunitari iliyo sawa mahali pote haiwezi kufanya zaidi ya kusogeza kila kitu upande mmoja na kukizungusha kwa pembe moja. Mwanafunzi anayeanza na asome hoja hii kabla ya kitu kingine chochote, maana ndiyo inayoeleza kwa nini modeli mbili zinazofuata zina umbo zilizo nalo.

Matembezi ya kikwantamu, yaliyopendekezwa na Yakir Aharonov, Luiz Davidovich na Nicim Zagury mwaka 1993, yanatoka kwenye mkwamo huo kwa kuipa kila nafasi ampilitudi mbili, moja ya kwenda kulia na moja ya kwenda kushoto. Hatua moja ina sehemu mbili: kwanza matriki ndogo ya 2 kwa 2 inachanganya ampilitudi hizo mahali zilipo, kisha ya kulia inasogea nafasi moja kulia na ya kushoto nafasi moja kushoto.

Otomata ya vitalu inatokea mlango mwingine: inaugawa wakati. Seli ya 1 na ya 2 zinaunganishwa kuwa jozi, ya 3 na ya 4 jozi nyingine, na matriki yunitari ya 4 kwa 4 inatumika juu ya kila jozi. Katika nusu ya pili ya hatua jozi zinahama, ya 2 na ya 3, ya 4 na ya 5. Ndivyo fundi wa Katuba anavyopanga matofali, kila mstari ukianzia katikati ya tofali la mstari wa chini, na sababu inakaribia kuwa ileile: viungo vikipangana wima, kila jozi ingebaki peke yake milele bila habari kuvuka. Norman Margolus aliutumia mpangilio wa vitalu kwa otomata zinazorejeleka katika miaka ya 1980, na mwaka 1995 John Watrous alionyesha kwamba otomata za kikwantamu zilizogawanywa kwa namna ya karibu na hiyo zinaweza kuiga mashine ya Turing ya kikwantamu, yaani modeli ya jumla ya kompyuta ya kikwantamu. Mwaka 2004 Benjamin Schumacher na Reinhard Werner walithibitisha kwamba, kwenye safu moja, kila otomata ya kikwantamu inayoheshimu ujirani kwa ukamilifu inaweza kuandikwa kwa umbo la vitalu, ikiwa seli zitaunganishwa makundi na kusogezwa panapohitajika. Basi vitalu si ujanja wa mtunga programu. Ni muundo wenyewe wa jambo.

Kwa mfano wa mkono, chukua sheria ya 54, mojawapo ya zile 256 za msingi, katika umbo lake linalorejeleka: seli za namba shufwa zinageuzwa, 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0, ikiwa angalau jirani mmoja ni 1, kisha seli za namba witiri zinafanyiwa vivyo hivyo. Hapa kipande cha sheria kinagusa seli tatu badala ya mbili, lakini zamu za shufwa na witiri ni zilezile. Jirani hawabadiliki wakati seli inabadilika, kwa hiyo kurudia nusu-hatua ileile kunaifuta. Ukiichora kwenye karatasi ya miraba utaona vijichembe vikienda kulia na kushoto kwa mwendo mmoja, vikigongana na kupitana, kila kimoja kikiwa kimesogezwa kidogo na mgongano huo. Ukianza na hali ya 0 na 1 tupu, ni otomata ya kawaida. Ukianza na mpandano, au ukiongeza baada ya kila nusu-hatua mzunguko mdogo wa kila seli, umeingia kwenye kwantamu bila kubadilisha muundo.

Mwendo wa Hamiltoniani haupigi hatua. Unaandika jumla ya nishati ya jozi zote za jirani, na mlinganyo wa Schrödinger, ulio msingi wa mwendo wa kikwantamu, unaitoa hali ya wakati wowote, hata katikati ya sekunde. Lakini kompyuta ikipewa mlinganyo huo, njia inayotumika sana ni kuukata wakati vipande vifupi na kutumia jozi kwa zamu, yaani ukuta uleule wa matofali wenye matriki zilizo karibu sana na kutobadilisha kitu. Kosa la mkato huo linapungua kadiri kipande kinavyofupishwa.

Habari inafika wapi

Katika modeli tatu za kwanza mpaka ni mkali. Kwenye matembezi, baada ya hatua 50 uwezekano wa kuiona chembe nafasi 51 mbali na mwanzo ni sufuri halisi, si kidogo tu. Kwenye vitalu vya jozi, athari ya seli moja haivuki seli mbili kila upande kwa hatua nzima. Uzuri wa otomata ya kikwantamu unaonekana pia tukirudi nyuma: otomata ya kinyume ina ujirani wa upana uleule, umegeuzwa upande tu, ilhali otomata ya kawaida inaweza kuwa na sheria fupi ambayo kinyume chake kinahitaji kutazama mbali zaidi.

Mwendo wa Hamiltoniani hauna mpaka mkali. Elliott Lieb na Derek Robinson walionyesha mwaka 1972 kwamba kuna kasi ya juu hata hivyo, na kwamba nje ya koni ya kasi hiyo athari inafifia kwa haraka sana, bila kuwa sufuri. Anayejali upimaji wa maabara hatasumbuliwa na mabaki hayo madogo. Anayetaka kuthibitisha kauli ya hisabati kwa usahihi atasumbuliwa.

Kuna tofauti moja ambayo huwa inanisisimua. Otomata inayosogeza hali ya kila seli nafasi moja kulia ni rahisi kuliko zote, lakini kwenye safu isiyo na mwisho haiwezi kupatikana kwa Hamiltoniani ya jirani kwa jirani inayotenda kwa muda wenye kikomo, wala kwa ukuta wa matriki za vitalu usiosaidiwa na usogezaji. David Gross, Vincent Nesme, Holger Vogts na Reinhard Werner, katika makala ya mwaka 2012, waliipa kila otomata ya safu moja namba inayopima mtiririko wa habari: kila mfumo wa vitalu pekee una namba 1, na usogezaji wa kyubiti (seli ya kikwantamu yenye hali mbili, 0 na 1) kulia una namba 2. Otomata mbili zenye namba tofauti haziwezi kugeuzwa moja kuwa nyingine polepole. Mwanafunzi wa hisabati anayetafuta mada yenye kina na isiyohitaji kompyuta kubwa atapata hapa kazi ya kutosha.

Nini kinakua

Otomata ya kawaida inayorejeleka, ikiwa na seli zenye kikomo, haina budi kurudi siku moja ilikoanza, kwa kuwa hali zake zinahesabika na hakuna mbili zinazoishia pamoja. Kabla ya hapo kinachokua ni mchoro: mawimbi, pembetatu ndani ya pembetatu, au vurugu inayoonekana kama bahati nasibu.

Kwenye matembezi kinachokua ni upana. Mtu anayerusha sarafu ya kawaida na kwenda kulia au kushoto, baada ya hatua 100 ana mtawanyiko wa nafasi 10, kwa kuwa unakua kama kipeuo cha pili cha idadi ya hatua. Matembezi yanayotumia matriki ya Hadamard, inayogawa uwezekano sawasawa kati ya kulia na kushoto, yakianza kwa ulinganifu, yana mtawanyiko wa karibu nafasi 54 baada ya hatua zilezile 100, na vilele viwili vya uwezekano vinakaa karibu na nafasi ya 70 kila upande. Upana unakua sambamba na wakati. Hata hivyo chembe ni moja, kwa hiyo hakuna mgongano wala msongamano wa kuchunguza.

Kwenye vitalu kinachokua ni ufungamano. Kata safu katikati: mwanzoni kila nusu inaweza kuelezwa peke yake, lakini kila tofali linalovuka mkato linazifunga nusu mbili zaidi, hadi maelezo ya nusu moja yasiwe na maana bila nyingine. Kwa matriki zilizochaguliwa bila mpangilio maalumu, ufungamano huo unapanda takriban kwa mstari ulionyooka hadi ukubwa wa safu uuzuie. Ukitazama seli chache tu, zinaonekana kutulia kama kitu kilichopata joto, ingawa hali ya safu nzima bado inarejeleka kikamilifu. Kuna za kipekee, kama sheria ya 54 ambayo vijichembe vyake vinadumu.

Mwendo wa Hamiltoniani unafungamana vilevile, lakini nishati yake haipotei wala kuongezeka. Vitalu kwa kawaida havina nishati ya kutunza, ndiyo sababu vikiachwa muda mrefu hupoteza kila alama ya mahali vilipoanzia kwa anayetazama seli chache. Swali lako likihusu nishati au joto la kiasi fulani, tofauti hii inaamua.

Uzito kwa kompyuta

Seli milioni moja za otomata ya kawaida zinakaa katika kilobaiti 125, au mara mbili ya hapo kwa njia ya Fredkin. Matembezi yenye nafasi 10,000 yanahitaji ampilitudi 20,000, sawa na kilobaiti 320. Kompyuta yoyote ya mkononi iliyochoka inaviweza vyote viwili.

Vitalu ni jambo lingine. Seli n zinahitaji ampilitudi 2 kwa kipeo cha n, kila moja baiti 16. Seli 20 ni megabaiti 16; seli 24 ni megabaiti 256; seli 28 ni gigabaiti 4; seli 30 ni gigabaiti 16. Mwenye kompyuta ya gigabaiti 8 afanye kazi kwa utulivu na seli 26, asiahidi zaidi katika mradi wake, kwa sababu mfumo wa kompyuta na nakala za katikati navyo vinataka nafasi. Umeme unaokatika unaongeza sharti lake: programu ihifadhi vekta ya hali, yaani orodha ya ampilitudi zote, kwenye diski baada ya kila hatua kadhaa, pamoja na namba ya hatua. Kurejeleka kunatoa pia kipimo cha bure cha usahihi: endesha hatua 40 mbele, kisha 40 nyuma kwa matriki za kinyume, na hali ya mwanzo isiporudi, kuna kosa kwenye programu.

Uzito huo una njia mbili za kuukwepa. Ya kwanza ni vitalu vya aina ya Clifford, yaani vya kundi maalumu la matriki, ambavyo kwa nadharia ya Gottesman na Knill vinafuatiliwa kwa jedwali la biti: seli 1,000 zinahitaji karibu nusu ya megabaiti, ikiwa hali ya mwanzo nayo ni ya aina hiyo. Ya pili ni kuandika hali kama mnyororo wa matriki ndogo, ambao unabeba mamia ya seli maadamu ufungamano ni mdogo. Ukianza kupanda, mnyororo unavimba na faida inaisha.

Hamiltoniani inahitaji kumbukumbu ileile na saa nyingi zaidi, kwa kuwa vipande vya wakati ni vifupi: muda wa 10 kwa kipande cha 0.05 ni mizunguko 200. Anayetaka kuepuka mkato na kufungua matriki nzima ataishia karibu na seli 14, kwa sababu matriki hiyo peke yake ni gigabaiti 4.

Kwa hali ipi, modeli ipi

Ikiwa ni TFC, yaani kazi ya kuhitimu ngazi ya kwanza ya chuo kikuu, ya miezi michache, na hesabu ya matriki bado ni ngeni kwako, otomata ya kawaida inayorejeleka inatosha na haina aibu. Sheria ya 54 itakupa mada kamili, na itakuachia mlango wazi wa kuingia kwenye kwantamu katika ngazi inayofuata.

Ikiwa unavutiwa na mawimbi, au na namna mlinganyo wa Dirac, wa chembe kama elektroni ziendazo kwa kasi kubwa, unavyochomoza kutoka kwenye hatua ndogo za chembe moja, chukua matembezi. Matokeo yake yanachorwa siku hiyohiyo, na hesabu zake zinafuatika kwa mkono kwa hatua tano au sita za mwanzo, jambo ambalo jopo la kutetea kazi hulithamini.

Ikiwa swali lako ni jinsi habari inavyosambaa na kufichika kati ya seli nyingi, au unajiandaa kwa kompyuta za kikwantamu zinazotumia milango ya seli mbili mbili, vitalu ndivyo vyako. Weka seli 16 kwanza, thibitisha kurudi nyuma, kisha panda. Ukiwa mwalimu msaidizi wa Bukavu au Goma mwenye wanafunzi wengi na kompyuta chache, anza nao kwenye vitalu vya Clifford, kwa kuwa seli mia zinaendeshwa kwenye mashine ya zamani na michoro yake inaonyesha wazi mpaka wa habari.

Ikiwa unachunguza sumaku, nishati, au majaribio ya atomi zinazodhibitiwa kwa leza, kama safu ya atomi 51 iliyochapishwa na watafiti wa Harvard mwaka 2017, mwendo wa Hamiltoniani ndio unaofanana na kifaa chenyewe. Usisahau tu kuripoti urefu wa kipande cha wakati, na kurudia hesabu kwa kipande cha nusu yake ili msomaji aone kwamba matokeo hayakutokana na mkato.

Na anayependa uthibitisho kuliko programu, awe na kompyuta au asiwe nayo, achukue namba ya mtiririko wa otomata za safu moja, aihesabu kwa mifano mitatu, usogezaji, vitalu, na muunganiko wa viwili hivyo, kisha amwonyeshe mkurugenzi wake karatasi hizo kabla ya kuandika kichwa cha kazi.